Bei ya Zimwi

Vijitabu vitatu vya kwanza vya Dungeons & Dragons vilitoka Januari 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin: nakala 1,000, boksi moja dola 10. Ndani yake mna majoka, mizuka, panya buku, milango ya siri, hata bei ya kamba. Kitu kimoja hamna. Hamna ukurasa unaomwambia mwendesha mchezo kama pambano aliloliandaa litawamaliza wachezaji wake. Leo mtu huanza na swali hilo kabla hajachora hata chumba kimoja: "Je, watu wangu wataliweza hili?" Watunzi wa mwanzo hawakuliuliza.

Nataka kusimulia jinsi swali hilo lilivyozaliwa, na majibu liliyopewa kwa nusu karne. Nasimulia kama mhasibu, maana ndiyo kazi inayonilisha hapa St. Paul, Minnesota. Jumamosi jioni huwa tunacheza sebuleni kwangu, wapwa zangu wawili na majirani, Wakenya, Wakongomani na Mrundi mmoja, chai na mandazi juu ya meza ileile yenye dadu. Mhasibu akiona nambari huuliza imetoka wapi. Nimezifuata nambari za mazimwi toleo hadi toleo, na zote zina tabia moja: zinajifanya zinalieleza zimwi, kumbe zinawaeleza watu ambao mtunzi aliwaona akilini mwake wamekaa mezani.

Kwa asiyeujua mchezo, maneno machache. Kila mchezaji ana mhusika wake: mpiganaji, mchawi, kasisi, mwizi. Mwendesha mchezo anashika kila kilichobaki, yaani nchi, mvua, mwenye duka na mazimwi. Mhusika akishambulia, mchezaji hurusha dadu ya pande 20. Akifikia nambari inayotakiwa amepiga, asipofikia amekosa. Kipigo hupunguza pointi za uhai. Anayenusurika hujikusanyia pointi za uzoefu, zikitimia anapanda daraja. Mwendesha mchezo hashindani na mtu, lakini ndiye anayeamua zimwi gani limelala nyuma ya mlango. Akiweka dogo mno watu wanapiga miayo. Akiweka kubwa mno, wahusika waliolelewa kwa miezi wanakwisha usiku mmoja.

Mizani ya kwanza ilitoka kwenye michezo ya vita. Mwaka 1971 Gary Gygax na Jeff Perren walitoa Chainmail, kanuni za kupiganisha sanamu ndogo za askari wa Ulaya ya zamani, na mwishoni mwa kitabu wakaongeza sehemu ya viumbe vya hadithi. Humo shujaa mmoja anapigana kama watu wanne, shujaa mkuu kama wanane, na viumbe vina bei kwa pointi ili majemadari wawili wanunue majeshi yenye uzito sawa. Hesabu safi kabisa: pande mbili, fungu moja la pointi, kila upande unataka ushindi. Miaka hiyohiyo, hapa hapa kwetu katika miji pacha ya Minneapolis na St. Paul, Dave Arneson alianza kuwateremsha marafiki zake chini ya ngome ya Blackmoor, na hesabu ile ikakosa pa kushika. Upande mmoja sasa ulikuwa wa mwamuzi asiyetaka kushinda. Upande wa pili walikuwa watu wachache wanaotaka kurudi juu na dhahabu.

Kwa hiyo mwaka 1974, Gygax na Arneson walipochapisha mchezo wao, bei haikuandikwa kwenye zimwi. Iliandikwa kwenye ngazi. Kijitabu cha tatu kina jedwali: tazama mmeshuka tabaka la ngapi chini ya ardhi, rusha dadu, nayo itakupeleka kwenye moja ya orodha 6 za mazimwi. Karibu na uso wa dunia mtakutana zaidi na wa orodha ya kwanza: koboldi, magoblini, viunzi vya mifupa, panya buku, majambazi. Kadiri mnavyoshuka ndivyo orodha za mbele zinavyowanyemelea. Anayekanyaga ngazi inayofuata anajua anakwenda wapi na hakuna aliyemsukuma. Swali la "tutaweza?" lilikuwepo, ila walikuwa wakiulizana wachezaji wenyewe, wamesimama juu ya ngazi na mienge mkononi.

Nje ya mahandaki hata adabu hiyo haikuwepo. Safu ya idadi katika kijitabu cha pili inasema magoblini huonekana kati ya 40 na 400. Kikosi cha watu watano kikipita porini, dadu ikaamua 400, basi ni 400. Kilichowaokoa watu ni kanuni za kukimbia, na kanuni hizo zimeandikwa kwa makini kuliko nyingine nyingi za toleo lile. Ukifukuzwa ukatupa chakula nyuma yako, zimwi lisilo na akili lina asilimia 90 ya kusimama likale. Lenye akili asilimia 10 tu. Ukitupa hazina, hesabu inageuka: lenye akili ndilo linalosimama. Kabla ya hapo kulikuwa na dadu ya kupima kama zimwi lina nia ya kupigana au la. Kukutana na zimwi na kupigana nalo yalikuwa mambo mawili tofauti.

Na kulikuwa na sababu ya kipato. Kipande kimoja cha dhahabu kilicholetwa juu salama kilikuwa pointi moja ya uzoefu, na dhahabu ilikuwa kwa maelfu. Zimwi lenyewe lililipa 100 kwa kila daraja lake. Kitabu kinatoa mfano wa mchawi wa daraja la 8 aliyelishinda troll, zimwi linalohesabiwa la daraja la 7, lenye hazina ya vipande 7,000. Hazina ni pointi 7,000, kuua ni 700. Mwenye akili anaona mara moja fedha iko wapi. Zaidi ya hayo mchawi yule halipwi kamili: analipwa saba ya nane, kwa kuwa zimwi liko chini yake daraja moja. Huo ndio ukadiriaji wa ugumu wa kwanza katika mchezo huu, na tazama unafika lini. Unafika zimwi likiwa limeshakufa, kama hati ya malipo. Haukuandikwa kumwonya mtu.

Miaka iliyofuata watu walihangaika na hati hiyo ya malipo. Kitabu cha nyongeza cha Greyhawk cha mwaka 1975 kilishusha viwango. Shida kubwa ilikuwa kwamba daraja la zimwi lilitokana na dadu zake za uhai, yaani dadu zinazorushwa kupata pointi zake za uhai, na dadu za uhai hazioni uwezo wa ajabu. Zimwi la dadu 4 linalouma tu, na Medusa wa dadu 4 anayemgeuza mtu jiwe kwa kumtazama, kwa hesabu hiyo ni ndugu. Mwaka 1979, katika kitabu cha mwendesha mchezo cha Advanced Dungeons & Dragons, Gygax alijibu kwa orodha ya bei halisi: kiasi cha msingi kwa dadu za uhai, nyongeza kwa kila pointi ya uhai, nyongeza kwa kila uwezo wa pekee, na nyongeza kubwa zaidi kwa uwezo wa kutisha kabisa. Mazimwi yakapangwa katika madaraja 10 kwa kufuata jumla hiyo. Toleo jepesi la 1981 lilifupisha: kinyota kimoja pembeni mwa dadu za uhai kwa kila uwezo wa ajabu. Huko Arizona, Ken St. Andre alikuwa ameshatoka na mchezo wake, Tunnels & Trolls mwaka 1975, ambamo zimwi zima linaweza kuelezwa kwa nambari moja. Katika toleo lake la tano, zimwi la 30 hurusha dadu 4 na kuongeza 15, basi. Mwendesha mchezo anaweza kulitunga akiwa anakunywa maji.

Aliyefanya hesabu ya kweli alikuwa Mwingereza. Juni 1977 jarida la White Dwarf lilianza kutoka London, na toleo la kwanza lilikuwa na makala ya Don Turnbull kuhusu mfumo aliouita Monstermark. Turnbull alichukua mpiganaji mmoja wa daraja la kwanza, mwenye upanga na deraya nzito, akamsimamisha mbele ya kila zimwi kwenye kitabu. Akauliza: huyu atahitaji mizunguko mingapi kwa wastani kuliua? Na kwa muda huo zimwi litamtia madhara kiasi gani? Zidisha hivyo viwili, kisha zidisha tena kama zimwi lina sumu, au linapona majeraha, au linapooza watu, na kinachotoka ndicho kipimo chake. Kwa mara ya kwanza ugumu ulipimwa kwa kitu ambacho mchezaji anakihisi, yaani uhai atakaoupoteza, na kwa mara ya kwanza mpimaji alisema wazi amelipima zimwi dhidi ya nani.

Faida ya kusema wazi ni kwamba unaweza kubadilisha kijiti cha kupimia uone kinachotokea. Nimefanya hivyo kwa goblini wa toleo la 2014, kwa mtindo wa Turnbull, nikiacha kando mapigo ya bahati na kujificha. Goblini huyu ana pointi 7 za uhai na deraya 15, yaani nambari ambayo anayemshambulia lazima aifikie. Anaongeza 4 kwenye dadu ya kushambulia, na akipiga anaondoa 5.5 kwa wastani. Mpe kwanza mpiganaji wa daraja la kwanza mwenye ngao, deraya 18, pointi 12 za uhai, anayeongeza 5 akishambulia na kuondoa wastani wa 7.5 kwa upanga. Mpiganaji anapiga mara 55 katika 100, kwa hiyo goblini anadumu mizunguko 1.7. Goblini naye anampiga mara 35 katika 100, karibu pointi 1.9 kwa mzunguko. Zidisha: goblini mmoja anamgharimu mpiganaji pointi 3.3, kama robo ya uhai wake.

Sasa mwondoe mpiganaji, mlete mchawi wa daraja lilelile: deraya 12, pointi 8 za uhai, silaha yake ni mshale wa moto unaoondoa wastani wa 5.5. Naye anapiga mara 55 katika 100, lakini kipigo chake ni chepesi, kwa hiyo goblini anadumu mizunguko 2.3. Goblini anampata mara 65 katika 100, pointi 3.6 kwa mzunguko. Zidisha: 8.3. Mchawi ana 8. Goblini ni yuleyule, kitabu kinampa nambari ileile, na kwa mtu mmoja ni mkwaruzo, kwa mwingine ni maisha yote. Ndiyo maana nasema nambari ya zimwi bila jina la aliyepimwa nalo ni hesabu isiyokamilika.

Turnbull alikwenda kuhariri Fiend Folio, kitabu cha mazimwi cha mwaka 1981, lakini kipimo chake hakikuingia kwenye kanuni za mchezo. Jaribio la kwanza rasmi la kupima kikosi kizima lilikuja mwaka 1985, katika boksi la Master la Frank Mentzer, kwa wahusika wa daraja la 26 hadi la 36. Mentzer aliwaambia waendesha mchezo wajumlishe madaraja ya wachezaji wote, wajumlishe dadu za uhai za mazimwi wakiziongeza kwa ajili ya nguvu za ajabu, kisha waone upande wa mazimwi ni asilimia ngapi ya upande wa wachezaji. Ilikuwa kanuni ya hiari, mwishoni mwa safari ambayo watu wachache walikuwa wameifikia kwa kucheza. Hata hivyo kitu kilikuwa kimegeuka. Hesabu sasa ilifanywa kabla ya mlango kufunguliwa, na aliyeifanya ni mwendesha mchezo.

Mgeuko huo haukutokea kwa mantiki tu. Mchezo wenyewe ulikuwa umebadilika. Katika toleo la pili la 1989, kulipwa uzoefu kwa dhahabu kulifanywa jambo la hiari. Matukio yaliyochapishwa tayari kwa kuchezwa yalikuwa yamezidi kuwa hadithi zenye mwanzo na mwisho, na mhusika wa hadithi hawezi kuambiwa ageuke nyuma kwenye ngazi, maana sura inayofuata iko chini. Mchezaji aliponyang'anywa uamuzi wa kushuka au kutoshuka, mtu mwingine alilazimika kumhakikishia kwamba kilicho chini kinawezekana.

Uhakika huo ulichapishwa mwaka 2000. TSR, kampuni iliyokuwa ikiuchapisha mchezo huu, ilikuwa imezidiwa na madeni na kununuliwa mwaka 1997 na Wizards of the Coast. Toleo la tatu likaandikwa na Jonathan Tweet, Monte Cook na Skip Williams. Kila zimwi likapewa kipimo cha changamoto chenye maana iliyoelezwa: zimwi la kipimo cha 5 ni pambano la kawaida kwa wahusika wanne wa daraja la 5, na litawagharimu kama asilimia 20 ya vitu vyao, yaani uhai, uganga na dawa. Mazimwi mawili ya namna moja huongeza kipimo cha pambano kwa 2. Kitabu kilifika hata kupendekeza mchanganyiko: mapambano 50 katika kila 100 yawe ya kiwango chenu, na 5 yawazidi nguvu kabisa, mjue kukimbia. Uzoefu kwa dhahabu ulikuwa umeondoka, na pambano la kawaida lilipangwa hivi kwamba 13 na kitu yatoshe kupanda daraja.

Navutiwa na asilimia zile 20 kwa sababu ni makadirio ya matumizi, aina ya hesabu ninayoifanya kila mwezi. Makadirio hayo yana mteja. Picha za toleo lile zinamwonyesha: Tordek mpiganaji, Jozan kasisi, Mialee mchawi, Lidda mwizi. Mmoja wa kila fani. Kikosi kisicho na kasisi hakitumii asilimia 20, kinatumia zaidi, kwa kuwa hakuna anayerudisha uhai. Kikosi kisicho na silaha ya uganga mbele ya kivuli kisicho na mwili hakina asilimia yoyote ya kuzungumzia. Na kwa kuwa matumizi yale ni ya siku nzima, wachezaji wanaolala usingizi baada ya kila pambano wanakuja na mfuko umejaa kila mara, na mazimwi yote yanaonekana dhaifu. Waendesha mchezo walilalamika miaka minane kwamba vipimo havina ukweli. Vilikuwa na ukweli wa watu wale wanne.

Toleo la nne la Juni 2008, chini ya Rob Heinsoo, liliamua kumdhibiti mteja mwenyewe. Wahusika wote walijengwa kwa mfumo mmoja wa nguvu, kikosi kikawa cha watu watano, na mazimwi yakapewa kazi: la kupiga kwa nguvu, la kukinga, la kupiga toka mbali, la kuvizia, la kuvuruga. Mwendesha mchezo alipewa bajeti. Kwa wahusika watano wa daraja la kwanza ana pointi 500. Goblini wa kawaida ananunuliwa kwa 100, na goblini mnyonge, anayekufa kwa kipigo kimoja, kwa 25. Zimwi la kupambana na kikosi peke yake lilikuwa na thamani ya matano. Sijapata kuona bajeti iliyofunga vizuri hivyo. Lakini mapambano yaliburuza, mazimwi yalidumu muda mrefu bila kutisha, na mwaka 2010 kitabu cha tatu cha mazimwi kilikuja na madhara makubwa zaidi kwa kila pigo. Mizani inaweza kulingana na mchezo ukachosha, jambo ambalo hesabu haina safu ya kuliandika.

Mwaka 2014 toleo la tano lilirudisha kipimo cha changamoto na kuongeza madaraja manne ya pambano: jepesi, la wastani, gumu, la kuua. Toleo hili lilipunguza makusudi kasi ya nambari kupanda, ili goblini aweze kumpiga hata shujaa wa daraja la juu. Matokeo yake wingi ukawa silaha, na kanuni ikabidi izidishe: mazimwi mawili, pointi zao mara 1.5; matatu hadi sita, mara 2; na kuendelea hadi mara 4 kwa 15 na zaidi.

Mpwa wangu mkubwa alipoanza kuendesha mchezo alianza na boksi la wanaoanza la mwaka huo. Tukio la kwanza ndani yake ni maarufu: farasi wamekufa barabarani, na magoblini wanne wamejificha kichakani. Yeye alipiga hesabu vizuri kabla watu hawajafika. Magoblini wanne kwa 50 ni 200, mara 2 kwa ajili ya wingi, 400. Kikosi cha watano wa daraja la kwanza kina mpaka wa pambano gumu kwenye 375 na wa kuua kwenye 500. Gumu, basi, lakini si la kuua. Saa moja kabla, jirani yetu muuguzi, anayemchezesha kasisi, alipiga simu: amebadilishiwa zamu, yuko kazini hadi asubuhi. Wakacheza wanne. Magoblini walifyatua mishale ya kwanza, mchawi akaanguka kabla hajafungua mdomo, na mandazi yakasahaulika.

"Mjomba, si kitabu kilisema ni gumu tu?" aliniuliza tukikusanya vikombe.

"Kilisema gumu kwa watu watano. Mpaka wa kuua kwa wanne ni ngapi?"

Alihesabu kwa vidole, 100 mara nne, akanyamaza. Mia nne kamili. Magoblini hawakuongezeka hata mmoja; zamu ya usiku ya hospitali ndiyo iliyobadilisha jina la pambano. Na hesabu haikuona kwamba aliyekosekana ndiye kasisi, wala kwamba magoblini walikuwa wamejificha.

Njia nyingine ilikuwa ya kampuni ya Paizo katika toleo la pili la mchezo wake wa Pathfinder, mwaka 2019. Humo mhusika huongeza daraja lake lote kwenye karibu kila dadu anayoijua, kwa hiyo tofauti ya madaraja kati ya zimwi na kikosi inasema karibu kila kitu. Kwa watu wanne, zimwi la daraja lenu ni pointi 40, pambano la wastani ni 80, na la hatari ya mwisho 160, ambayo ni zimwi moja tu lililowazidi madaraja manne. Wengi wanaoendesha mchezo huu huziamini nambari zake, na nadhani sababu ni kwamba kanuni zimewabana wahusika kiasi cha kutoachia kikosi halisi kutofautiana sana na kile cha kitabuni.

Kisha ikaja 2024, miaka 50 tangu vijitabu vya kwanza, na kitabu kipya cha mwendesha mchezo wa Dungeons & Dragons. Kuzidisha kwa ajili ya wingi kumeondolewa. Madaraja ya pambano yamebaki matatu, la chini, la wastani na la juu, na kwa kila mhusika wa daraja la kwanza bajeti ni 50, 75 au 100. Chukua magoblini wale wanne wa mpwa wangu na wahusika wale wanne. Goblini bado ni 50. Jumla 200. Bajeti ya pambano la chini kwa wanne: 200. Kitu kilekile ambacho miaka 10 nyuma kiligusa mpaka wa kuua sasa kimeandikwa chini kabisa, na katika kitabu cha mazimwi kilichofuata goblini ana pointi 10 za uhai badala ya 7. Watetezi watasema wahusika wa toleo jipya wamejengwa imara zaidi, na wana haki. Hapo ndipo hasa ninapotaka msomaji afike: kilichoandikwa upya ni mteja, na bei ikamfuata.

Kwa hiyo ninafanyaje Jumamosi? Nazitumia nambari, maana kupuuza hesabu kwa sababu haijakamilika ni uvivu. Naanza na bajeti ya kitabu, halafu naiangalia orodha ya waliothibitisha kuja. Nauliza nani anaponya, nani ana deraya nzito, nani atafikiwa kwanza na mishale, na wamebakiwa na nini tangu mara ya mwisho walipolala. Kisha narudisha vitu viwili vya 1974. Cha kwanza, hatari huonekana kabla haijafika: nyayo, mifupa, mchungaji aliyekimbia. Cha pili, kila zimwi langu lina kitu linachokitaka zaidi ya kupigana, chakula au dhahabu au kuachwa lilale, ili mwenye kutaka kukwepa apate mlango. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na mwendesha mchezo ndiye zimwi linalowajua watu wake. Hilo kitabu hakiwezi kulifanya kwa niaba yake, hata kikiwa na majedwali mazuri kiasi gani.

Lakini kitabu kinaweza kuwa mkweli zaidi. Nikipewa nafasi ya kuomba jambo moja kwa watunzi wa toleo lijalo, sitaomba fomula mpya. Nitaomba mstari mmoja chini ya nambari ya kila zimwi, unaosema limepimwa dhidi ya kina nani: wangapi, wa fani zipi, wamepumzika au wamechoka, wameliona likija au wameviziwa. Turnbull aliandika hivyo mwaka 1977 akiwa na mpiganaji mmoja tu. Watunzi wa mwaka 2000 waliandika kwa watu wanne na kuwachora kabisa. Mstari huo haugharimu wino mwingi, na mwendesha mchezo anayeanza leo angejua mara moja kwa nini nambari iliyowafaa wale wa kitabuni imewaangusha wa sebuleni kwake.